Mzigo Uliofunguliwa Mbele ya Wote



Jioni moja, baada ya mafundisho, mmoja wenu alibaki barazani akaniuliza swali. Alisema: «Mwalimu, sisi sote tunajifunza sala zilezile, tena tunaimba kwa sauti moja. Mbona tukipewa kazi ya kufanya pamoja, hata ya siku chache tu, tunanung'unika na kutawanyika?»

Sikumjibu siku ile. Swali lake lilinichoma, kwani kazi iliyotawanyika alikuwa anaijua, nami ndimi niliyekuwa kiongozi wake. Leo nataka kulijibu. Naomba mnisikilize kwa saburi, maana jibu lenyewe litapita njia ndefu: litafika pwani ya Bagamoyo, litarudi mpaka mto Aruwimi, ndipo litakapoingia tena hapa kwetu Obokote.

Kwanza tuulize: kuaminiana ni nini? Wengi hudhani ya kuwa kuaminiana ni kupendana. Lakini waweza kumpenda ndugu yako, na hata hivyo usimkabidhi mbuzi wako. Kuaminiana ni kuweza kumgeuzia mwenzako mgongo bila hofu. Tazameni wazee wanapowinda kwa wavu. Mmoja hujificha kwenye wavu, wengine huzunguka mbali na mbwa wao kuwafukuza wanyama. Aliye kwenye wavu hawaoni wenzake, wala wao hawamwoni. Kila mmoja hufanya sehemu yake akijua ya kuwa mwenzake anafanya yake. Na jioni, nyama hukatwa wapi? Hukatwa hadharani, watu wote wakitazama. Siku ambayo nyama itakatwa nyumbani kwa mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa, siku hiyo wavu umekwisha kupasuka, ijapokuwa kamba zake ni nzima.

Shikeni neno hilo, kwani ndilo nitakalolieleza. Watu hawashikamani kwa sababu kiongozi amewaambia washikamane. Hushikamana anapowaamini yeye kwanza, na kujiweka chini ya macho yao.

Sasa nitawasimulieni habari za misafara miwili. Yote miwili ni ya kweli, na yote miwili inaihusu nchi yetu.

Mwaka 1869, Daktari David Livingstone, misionari wa Kiprotestanti na msafiri kutoka Uskoti, aliingia Maniema akitafuta habari za mto Lualaba. Hapo Kabambare, alipopaita Bambarre, mambo yalimharibikia. Wapagazi wake wengi walimwacha. Mwezi wa Juni 1870 aliondoka kuendelea na safari akiwa na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Kisha vidonda vya miguu vilimrudisha na kumlaza miezi mingi. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, na huko, tarehe 15 Julai, aliyaona kwa macho yake mauaji makubwa ya watu wasio na kosa waliokuja sokoni. Susi na Chuma hawakumwacha katika hayo yote.

Hao Susi na Chuma walikuwa nani? Abdullah Susi alikuwa mtu wa Shupanga, karibu na mto Zambezi. Alikuwa Mwislamu. James Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa utotoni mwaka 1861 katika mikono ya wauza watumwa, na baadaye akabatizwa. Hawakuwa watu wa kabila moja wala wa dini moja, wala hawakuwa machifu. Walikuwa watumishi.

Mwaka 1872 Livingstone aliletewa wapagazi wapya kutoka pwani, zaidi ya hamsini, akasafiri nao kwenda kusini. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chifu Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia, walimkuta asubuhi mapema amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa amekwisha kufa.

Fikirini hali ya watu wale. Bwana wao amekufa. Wako mbali sana na pwani. Wengi wao hawajatimiza hata mwaka mmoja pamoja. Katika masanduku kuna vitambaa, vyombo na mali nyingine. Hakuna askari, hakuna hakimu, hakuna atakayejua nini kilikuwamo na nini kimetoka. Kila mtu angeweza kuchukua chake na kupotea porini. Kundi lililofungwa kwa mshahara tu lingevunjika asubuhi ileile.

Susi na Chuma walifanya nini? Waliwaita watu wote. Kisha masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, ili wote wawe wenye kujibu. Kijana mmoja, Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik, Bara Hindi, aliandika orodha ya vitu vyote. Hayo ndiyo matendo yao ya kwanza: kuita watu, kufungua na kuandika. Nao wapagazi wakawaambia ya kuwa wao wawili ni wakongwe wa safari na taabu. Basi wawe wakuu wao, nao watawatii.

Angalieni utaratibu wake. Susi na Chuma hawakusema kwanza: «Sisi ni wakuu, kwa hiyo masanduku ni yetu kuyafungua.» Ukuu ulikuja kutoka katika mikono ya wale watakaoongozwa. Kisha shauri likafanyika juu ya maiti. Wangeweza kuizika pale, na hakuna mtu ambaye angewalaumu. Walikubaliana kuipeleka mpaka pwani. Kazi hiyo ilikuwa ngumu mno, na ya hatari, kwani katika nchi nyingi watu waliogopa maiti ipite kwao.

Hata hivyo hofu iliwashinda mara moja. Walimficha Chifu Chitambo habari za kifo, wakiogopa ya kuwa atawatoza faini nzito. Lakini habari zilimfikia. Naye hakukasirika; aliwauliza kwa nini hawakumwambia kweli, kisha akaja na watu wake kumlilia marehemu. Hapo walijifunza jambo ambalo sisi hujifunza kila siku kwa aibu: mara nyingi tunamficha mtu jambo kwa kumwogopa, kumbe yeye alikuwa tayari kutusaidia.

Moyo wa marehemu ulizikwa pale chini ya mti. Maiti ilitiwa chumvi na kukaushwa kwa jua, ikafungwa kwa kitambaa na maganda ya mti, ikachukuliwa. Safari ilichukua muda wa miezi tisa hivi, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,600. Njiani waliugua sana, hata wakasimama siku nyingi. Baadhi yao walikufa. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi wa Oktoba 1873, walikutana na Mwingereza aliyeitwa Cameron, naye akawashauri waizike maiti hapohapo. Alikuwa mkubwa mbele yao, mwenye cheo cha jeshi. Walikataa kwa heshima. Walikuwa wamekwisha patana wao kwa wao, na mapatano ya watu waliokaa shauri pamoja hayafunguliwi na mgeni.

Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataza maiti isipite. Basi wakafunga mzigo wa uongo wenye sura ya maiti, wakawatuma wenzao sita warudi nao kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Maiti yenyewe ikafungwa upya kama robota la nguo. Wale sita walikwenda, wakautupa ule mzigo kidogo kidogo porini, kisha wakarudi usiku. Mimi siwafundishi hila. Nataka muone kitu kingine: watu sita walitengana na wenzao katika nchi ya uadui, wala hawakuogopa kuachwa, na wale waliobaki hawakuogopa ya kuwa hao sita watakimbia. Hapo ndipo mtu anapomgeuzia mwenzake mgongo bila hofu.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Maiti ililazwa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Toka hapo ilipelekwa Unguja kwa meli, na tarehe 18 Aprili 1874 ikazikwa London. Jacob Wainwright alikuwapo kwenye maziko. Lakini wapagazi walio wengi walilipwa mshahara wao pwani na kuambiwa waende zao. Wakubwa waliipokea maiti. Waliowabebea hawakuwauliza mengi. Hilo nalo ni somo kwa kila kiongozi: kuna namna ya kulipa deni la fedha na kubaki na deni la heshima.

Sasa tusikilize habari za msafara wa pili.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliongoza msafara mkubwa kutoka Unguja. Alipanda mto Kongo akienda kumsaidia Emin Pasha, liwali aliyekuwa amezingirwa huko kaskazini. Mwezi wa Juni alifika Yambuya, kwenye mto Aruwimi, kaskazini ya Kisangani. Hapo aliwagawa watu wake. Wenye nguvu alikwenda nao mbele, tarehe 28 Juni. Wagonjwa na wadhaifu wengi aliwaacha nyuma na mizigo mamia kwa mamia, chini ya ofisa mmoja wa jeshi la Kiingereza, Meja Edmund Barttelot. Watu walioachwa walikuwa 270 hivi. Waliambiwa wangojee wapagazi wa Tippu Tip kutoka huku Maniema, kisha wafuate.

Wapagazi hawakuja kwa wakati. Stanley alisema kosa ni la Tippu Tip. Tippu Tip naye alisema ya kuwa Stanley hakutimiza ahadi ya baruti. Miezi ikapita. Watu wakakaa kambini, wanalinda mizigo. Walikula mihogo michungu bila kuiloweka inavyopasa, na kila mama wa hapa kwetu anajua jambo hilo huleta nini. Wakafa mmoja mmoja. Mizigo ilihifadhiwa, watu wakazikwa.

Na Barttelot aliongozaje? Lugha ya wapagazi wake hakuijua. Alisema nao kwa mkalimani. Aliwaogopa, nao wakamwogopa. Viboko vikawa ndiyo hotuba yake. Mtu mmoja alichapwa viboko mia tatu, akafa. Nyuma ya woga kuna chuki, na nyuma ya chuki kuna bunduki. Jameson, mmoja wa wenzake, alikwenda mpaka Kasongo kuomba wapagazi, wakapatikana wapagazi mia nne wa Maniema. Mwezi wa Juni 1888 wakaondoka. Tarehe 19 Julai 1888, alfajiri, hapo Banalya, mwanamke mmoja alikuwa akipiga ngoma na kuimba. Barttelot alitoka kwa hasira kumnyamazisha. Mume wa mwanamke huyo, jina lake Sanga, alimpiga risasi akafa. Msafara ukavunjika siku ileile. Stanley alipofika tarehe 17 Agosti alikuta mabaki tu. Zaidi ya nusu ya wale aliowaacha walikuwa hawapo tena.

Haitupasi kumtupia mawe Barttelot peke yake. Aliyewagawa watu, akachukua wazima na kuwaacha wagonjwa chini ya mzigo uliozidi nguvu zao, alikuwa mwingine. Mara nyingi mkubwa huharibu kazi siku ya kwanza, na mdogo hulaumiwa siku ya mwisho. Lakini yatupasa kuona tofauti ya misafara hii miwili. Msafara wa kwanza ulikuwa na viongozi wasio na cheo, bila bunduki za serikali, na mzigo wao ulikuwa maiti isiyoleta faida. Wa pili ulikuwa na maofisa, silaha na mali. Kama cheo na mali vingetosha kuwashikamanisha watu, basi Yambuya ndiko kungelikuwa na umoja.

Nadhani mwaanza kuona kwa nini swali la yule mwenzenu lilinichoma. Nitaeleza sasa habari zangu mwenyewe.

Wakati fulani niliwaongoza wakatekumeni kulima shamba la mpunga. Mavuno yake yalikusudiwa kusaidia kununua mabati ya chumba chetu cha mafundisho. Watu walianza kwa furaha; siku ya kwanza walikuja wengi hata majembe hayakutosha. Wengine walichanga fedha kidogo, wengine chumvi, wengine mafuta ya mawese ya kupikia chakula cha wafanyakazi. Yote niliyatia nyumbani mwangu. Niliandika katika daftari langu, nikalitia daftari sandukuni, nikafunga. Sikuiba hata kipimo kimoja cha chumvi. Nami nilijisemea moyoni: «Mungu anajua.»

Wiki ya tatu walikuja kumi na wanne. Wiki ya tano walikuja saba. Nilikasirika. Katika mafundisho nilisema maneno makali juu ya uvivu, nikatishia ya kuwa asiyefika shambani nitamrudisha nyuma katika mafundisho. Siku iliyofuata walikuja wanne, nao walilima wakiwa wamenuna, kila mmoja akimtazama mwenzake kama kwamba ndiye mwizi.

Ndipo mama mmoja mzee, mjane, alinijia nyumbani jioni. Aliketi, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: «Mwalimu, mwanangu, sisi hatusemi ya kuwa umekula. Tunasema ya kuwa hatujui.»

Neno lile liliniondolea usingizi. Nilikuwa nimejitetea moyoni juu ya wizi, na hakuna aliyenishitaki wizi. Kosa langu lilikuwa jingine: niliwaacha watu gizani, kisha nikawakasirikia kwa kuwa hawaoni. Nilisema «Mungu anajua», nikasahau ya kuwa mchango ule haukutoka mikononi mwa Mungu tu, ulitoka mikononi mwa watu wale, nao walikuwa na haki ya kujua. Tena nilitumia mafundisho kama kiboko. Barttelot alikuwa na ngozi ya kiboko. Mimi nilikuwa na daftari la majina.

Jumapili iliyofuata niliwaomba watu wabaki. Nilileta sanduku, nikalifungua mbele yao. Nilisoma daftari toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho: nani ametoa nini, na nini kimetumika. Mahali pawili nilikuwa nimekosea hesabu, na kijana mmoja wa darasa la tano akanisahihisha mbele ya wote. Niliona aibu, lakini niliona pia ya kuwa watu walicheka, na kicheko chao hakikuwa cha dharau. Tangu siku ile funguo zikawa mbili, na moja alikaa nayo yule mama mjane. Nami nikachukua jembe, nikalima mstari wangu pamoja nao, badala ya kusimama ukingoni na daftari.

Je, watu wote walirudi? La. Wengine hawakurudi, na sitasema uongo ili kuipamba hadithi. Nyumba huungua kwa saa moja. Haijengwi kwa saa moja. Shamba lilivunwa, lakini mpunga ulikuwa mchache, na mabati tuliyonunua yalifunika nusu ya paa. Nusu nyingine bado ni majani. Kila mvua inyeshapo upande ule, nakumbuka.

Wakristo wa kwanza nao walikutwa na jambo la namna hii, kama tunavyosoma katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Wale wenye kusema Kigiriki walinung'unika ya kuwa wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze, wala hawakusema: «Mnathubutuje kutushuku?» Waliita mkutano wa wote, wakaomba wote wachague watu saba wenye sifa njema. Na majina ya hao saba ni ya Kigiriki. Maana yake yaelekea kuwa kazi ya kugawa ilikabidhiwa watu wa upande ule uliokuwa ukilalamika. Hiyo ni hekima kubwa. Kiongozi mdogo wa roho humnyamazisha anayenung'unika. Mkubwa wa roho humpa ufunguo.

Lakini najua kuna atakayeuliza: «Mwalimu, nikiwaamini watu nao wakanidanganya, je?» Ni swali la haki. Nitajibu: yawezekana watakudanganya. Livingstone naye aliachwa na wengi hapa Maniema. Kuamini si kufumba macho. Susi na Chuma waliwaamini wenzao, na hata hivyo waliandika orodha. Wala orodha haikuandikwa kwa kuwashuku watu. Iliandikwa ili asiwepo mtu wa kushukiwa bure. Anayetaka watu wasimdanganye kamwe, atawafunga wote. Na aliyewafunga wote atabaki peke yake akilinda mizigo, kama kule Yambuya.

Mwingine atauliza: «Je, majambazi nao hawaaminiani? Hawana umoja?» Swali hili ni zito zaidi, hasa kwetu tunaokaa katika nchi iliyoona vikundi vingi vyenye silaha. Naam, hata wao wana umoja. Na hapa sina budi kuwaambieni jambo ambalo wasimuliaji wa habari za Susi na Chuma hupenda kuliruka. Njiani, katika mji wa chifu mmoja aitwaye Chawende, ugomvi ulitokea. Msafara uliingia kwa nguvu, watu wakauawa, vijiji vya jirani vikachomwa moto, nao wakakaa siku kadhaa wakila vyakula vya watu waliofukuzwa. Walikuwa ndugu kwelikweli, ila udugu wao uliishia kwenye ukingo wa msafara. Walioheshimu maiti ya mtu mmoja hivyo, hawakuheshimu uhai wa wale waliowakuta.

Kwa hiyo mshikamano peke yake si fadhila bado. Kamba hufunga kuni za kupikia chakula cha wageni, na kamba ileile humfunga mtu asiye na kosa. Yatupasa kuuliza: tumeshikamana kwa ajili gani, na yule aliye nje ya kundi letu anaishije karibu nasi? Kiongozi anayewashikamanisha watu wake kwa kuwaonyesha adui, amewasha moto wa kuotea usiku mmoja. Asubuhi utakula nyumba yake. Wakatekumeni wa kijiji hiki wakiungana ili kuwadharau wa kijiji cha pili, au wasiobatizwa, au watu wa dini nyingine, basi ni afadhali wangetawanyika.

Basi, ndugu yangu uliyeniuliza barazani, jibu langu ni hili. Tulitawanyika kwa sababu kiongozi wenu aliwataka mumwamini kabla yeye hajawaamini. Mwenye kuongoza ndiye anayetangulia kutoa amana. Afungue sanduku kabla hajaombwa. Aseme kosa lake kabla halijasemwa nyuma ya nyumba. Ashike mzigo upande ulio mzito. Awaulize watu kwa lugha yao, tena asubiri jibu. Asiwagawe wazima na wadhaifu, akachukua wa kwanza na kuwaacha wa pili. Hapo watu hawatahitaji kuambiwa washikamane.

Wala msidhani ya kuwa maneno haya ni ya makatekista na machifu tu. Baba anayeficha fedha za mavuno, na mama wa watoto asijue zimekwenda wapi, ni Yambuya ndogo katika nyumba yake. Mama anayegawa chakula mbele ya watoto wote, wakubwa na wadogo, na kuchukua sehemu yake mwisho, anafundisha yale ambayo mimi nimechelewa kujifunza. Vijana mnaocheza mpira pamoja, wanawake mnaochanga fedha kila juma, waimbaji wa kwaya, ninyi nyote mna kiongozi, na kila mmoja wenu atakuwa kiongozi wa jambo fulani siku moja.

Kabla ya kulala leo, kila mmoja ajiulize maswali haya matatu. Je, kuna kitu cha wengi nilichokifunga nyumbani mwangu, na wao hawajui hesabu yake? Je, kuna mtu ninayemkasirikia kwa kunung'unika, ambaye kwa kweli anauliza tu? Je, kundi langu likikutana na mgeni njiani, mgeni huyo atafurahi ya kuwa tumeungana, au ataogopa?

Atakayejibu la kwanza kwa «ndiyo», asikate tamaa. Afanye kama Susi na Chuma walivyofanya asubuhi ile: awaite watu, afungue, aandike mbele yao. Ni jambo la saa moja tu, nalo ni gumu kuliko kulima shamba la juma zima. Nami niliyewaandikia haya, Jumapili ijayo nitaleta tena sanduku. Njoni mhesabu pamoja nami.